Jinsi ya kusoma umri wa jiwe la Tunduru

Mtu akikuuliza umri wa safaya iliyookotwa kwenye changarawe za Mto Muhuwesi, wilayani Tunduru, usimpe namba moja. Jiwe hilo lina nyakati tatu. Kuna wakati lilipoumbika, likiwa kilomita nyingi chini ya ardhi. Kuna wakati mwamba uliolibeba ulipofika juu, ukaoza na kuliachia. Na kuna wakati mto ulipolilaza pale ulipolikuta wewe. Baina ya wakati wa kwanza na wa tatu imepita miaka milioni mia kadhaa. Anayeweza kuzitenganisha nyakati hizo tatu akiwa ameshika jiwe mkononi ameuelewa wakati wa kijiolojia kuliko aliyekariri majina ya enzi zote za Dunia.

Nalisema hili kwa sababu shuleni tunaanza vibaya. Mtoto anapewa orodha, Kambria, Devoni, Permi, Jurasi, pamoja na namba zenye sifuri nyingi. Anakariri, anafaulu mtihani, na bado anaamini kwamba mababu zake walikimbizana na dinosau. Namba kubwa haishikiki kwa kukariri. Inashikika mtu akiitafuta mwenyewe kwenye kitu anachokiona, na Tunduru ina vitu vya namna hiyo kila upande. Tangu katikati ya miaka ya 1990, watu walipomiminika Muhuwesi na mito ya jirani kutafuta vito, na wanunuzi wakaja kutoka Thailand na Sri Lanka, wachimbaji wamekuwa wakifungua kuta za ardhi kila uchao. Humo hutoka safaya za rangi nyingi, spineli, garneti, krisoberili pamoja na aleksandraiti, turmalini na zirkoni. Vito vinauzwa, shimo linafukiwa, na ukuta wake haujasomwa na mtu.

Anza na ukuta

Chagua shimo lililo wazi, ambalo mwenye leseni amekuruhusu kuliingia, wakati wa kiangazi kuta zikiwa kavu. Shimo ambalo limechimbwa kwa kufukua chini ya ukuta usilishukie hata kama wenyeji wake wanashuka. Changarawe huporomoka bila kutoa dalili, na imeshaua watu wengi katika machimbo ya nchi hii. Kina kikizidi kimo chako na kuta zimesimama wima, soma ukiwa juu, kutoka ng'ambo ya shimo.

Kwangua ukuta kwa jembe kutoka juu hadi chini, upana wa hatua moja, ili uso mpya uonekane. Juu utakuta udongo wenye mizizi. Chini yake mara nyingi kuna mchanga au mfinyanzi, kisha changarawe yenye mawe ya mviringo, ambayo ndiyo wachimbaji wanayoifuata, na chini kabisa mwamba wenye mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda. Mwamba huo unaweza kuwa umeoza kiasi kwamba jembe linaukata, lakini mistari yake bado inasomeka. Pima unene wa kila tabaka kwa futikamba, uchore kwenye daftari. Kanuni ya kuusomea ukuta huo aliiandika Nicolas Steno, mwanazuoni wa Denmark, mwaka 1669: tabaka la chini lilitangulia na la juu likafuata, ilimradi ardhi haijapinduliwa.

Sasa weka kidole pale changarawe inapokutana na mwamba. Watu wengi huupita mstari huo haraka kwa kuwa hauna kitu. Mimi naona ndio mahali pa maana kuliko pote katika shimo, na kama una nusu saa tu ya kukaa na wanafunzi, itumie hapo.

Mwamba ulio chini ya kidole chako ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, ukanda wa miamba iliyokunjwa na kupikwa ardhini kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yalipogongana na kujenga safu ndefu ya milima upande huu wa Afrika. Changarawe iliyo juu yake ni ya mto, kitu cha juzi kwa hesabu za kijiolojia. Kwa hiyo kidole kimoja kimegusa vitu viwili vilivyotenganishwa na zaidi ya nusu ya miaka bilioni, na katikati hamna hata unene wa karatasi. Mwaka 1788 Mskoti James Hutton aliwapeleka rafiki zake Siccar Point, ufukweni mwa Uskoti, akawaonyesha mahali kama hapo, ambapo matabaka yaliyolala yamekaa juu ya matabaka yaliyosimama wima. Hoja yake ilikuwa rahisi. Ili hali hiyo itokee, matope lazima yatulie, yawe mwamba, yakunjwe, yainuliwe, yamomonyoke, kisha mengine yaje kutulia juu yake. Kila hatua inadai muda wake. Waulize wanafunzi swali hilohilo wakiwa mbele ya ukuta: ni mambo gani yalilazimika kutokea kabla mto haujamwaga changarawe hii juu ya mwamba huu? Waache wataje wenyewe, wala usiwaharakishe.

Kilichokosekana hapa kitafute kwa jirani

Muda uliopotea kwenye mstari ule haukupotea Tanzania nzima. Pale ardhi ilipokuwa inamomonyoka hapakuandikwa kitu, lakini penye mabonde matope na mchanga vilikuwa vinatulia. Wanajiolojia huunganisha historia ya nchi kwa namna hiyo, kwa kuziba pengo la mahali pamoja kwa matabaka ya mahali pengine.

Elekea magharibi. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, ni mabaki ya mimea iliyoota kwenye vinamasi vya kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, Afrika ikiwa bado imeshikana na India, Antaktika na Amerika ya Kusini katika bara moja la Gondwana. Kwenye Bonde la Mto Ruhuhu, mpakani mwa mikoa ya Ruvuma na Njombe, juu ya matabaka ya makaa kuna mawe ya mchanga na matope yanayoitwa Matabaka ya Manda. Humo, katika miaka ya 1930, Mwingereza Rex Parrington alikusanya mifupa iliyokaa makumbusho miaka mingi kabla ya kutangazwa, mwishoni mwa 2012, kuwa ya Nyasasaurus parringtoni, mnyama wa miaka ipatayo milioni 243 iliyopita ambaye ama ni dinosau wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni ndugu yao wa karibu kabisa. Matabaka hayohayo yalimtoa Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010.

Kisha elekea mashariki, mkoani Lindi. Katika kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na mamia ya vibarua wa Kitanganyika, chini ya msimamizi wao mkuu Boheti bin Amrani, walifukua mifupa ambayo ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Dinosau Giraffatitan aliyesimamishwa katika makumbusho ya Berlin alitoka huko. Umri wake ni miaka ipatayo milioni 150. Makaa ya Ngaka, mifupa ya Manda na mifupa ya Tendaguru, vyote vinaingia ndani ya ule mstari uliouwekea kidole Muhuwesi. Mtoto wa Tunduru akilielewa hilo, hahitaji picha za majangwa ya Marekani ili aijue enzi ya dinosau.

Pigeni hesabu ya mmomonyoko

Vito vya aina hii huumbika kwenye joto na mgandamizo mkubwa, na miamba ya Mkanda wa Msumbiji ilipikwa kwenye kina cha kilomita 20 hadi 30. Leo iko juani. Maana yake kilichokuwa juu yake kimeondoka chote. Wape wanafunzi wa kidato cha pili hesabu hii: kilomita 30 ni milimita milioni 30, zigawanye kwa miaka milioni 600. Jibu ni milimita 0.05 kwa mwaka, unene wa unywele mwembamba wa binadamu.

Ni wastani tu. Milima ilipokuwa michanga na mirefu, ardhi ilishuka kwa kasi zaidi, baadaye ikapunguza mwendo. Hata hivyo jibu hilo hufanya kazi ambayo maelezo ya saa nzima hayaifanyi. Mwanafunzi aliyekuwa anatafuta gharika au mlipuko wa kuondoa kilomita 30 za mwamba anagundua kwamba mvua za kawaida, mizizi na mito ya kawaida zinatosha, zikipewa muda. Mto Ruvuma ukifura masika na kugeuka rangi ya udongo, kazi inayoonekana pale ni ileile.

Kipimo cha barabara

Baada ya ukuta, mpe mtu kipimo cha kushikia namba. Mikoa ya Ruvuma na Mtwara ina kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukutana navyo vitabuni. Barabara kutoka Songea kupitia Namtumbo, Tunduru na Mangaka hadi Masasi ina kilomita zipatazo 460. Dunia ina miaka ipatayo milioni 4,600, au 4,540 ukitaka hesabu ya karibu zaidi. Kila kilomita basi ni miaka milioni 10, kila mita ni miaka 10,000, na kila milimita ni miaka 10. Dunia inazaliwa stendi ya Songea, na leo ni Masasi.

Unapita Namtumbo na hujakuta dalili ya uhai iliyo ya hakika. Zile za miaka milioni 3,500 iliyopita ziko kama kilomita 40 mbele yake. Miamba yenye dhahabu ya Geita na maeneo ya Ziwa Victoria, ya miaka ipatayo milioni 2,700, unaikuta katikati ya Namtumbo na Tunduru. Oksijeni inaanza kujaa hewani mkikaribia Tunduru mjini, na mkishuka Tunduru kula, safari ikiwa imevuka nusu, viumbe wote duniani bado ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mnavuka Muhuwesi, mnapita Nakapanya, na vito vya Muhuwesi bado havijaumbika. Vinaumbika mkikaribia Mangaka, na wanyama wenye magamba na miguu wanajaa baharini mara tu baada ya hapo. Makaa ya Ngaka yako chini ya kilomita 30 kabla ya Masasi. Nyasasaurus yuko kilomita 24, Tendaguru kilomita 15, na dinosau wakubwa wanatoweka zikiwa zimebaki kilomita 6.6.

Hapo mwambie dereva apunguze mwendo, maana mambo yaliyobaki yanatembelewa kwa miguu. Nyayo za zamadamu za Laetoli, za miaka milioni 3.66 iliyopita, ziko mita 366 kabla ya mwisho. Zinjanthropus, zamadamu ambaye fuvu lake Mary Leakey aliliona Olduvai mwaka 1959, yuko mita 175. Binadamu wa aina yetu anaanza mita 30 za mwisho, urefu wa madarasa matatu hivi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliojengwa kuanzia karne ya 11, uko sentimita 10. Vita vya Majimaji, vilivyoanza 1905, viko milimita 12, na uhuru wa Tanganyika uko chini ya milimita 7.

Asiyesafiri atumie kamba ya mita 4.6 ukutani mwa darasa. Hapo milimita moja ni miaka milioni moja. Funga nyuzi za rangi kuanzia mwisho wa kamba: safaya kwenye sentimita 60, Manda 24, Tendaguru 15. Binadamu usimfungie uzi. Sehemu yake ni theluthi ya milimita, na uzi wowote utazidi. Kosa linalofanyika mara kwa mara hapa ni kubadili kipimo katikati ili mambo ya karibu "yaonekane vizuri". Yaache yabanane. Kubanana kwake ndilo somo.

Atakayeuliza umejuaje

Swali hilo litakuja, na linastahili jibu la kweli. Jibu lake limo katika changarawe hizohizo. Ni zirkoni, ambayo wengi huitupa pembeni kwa kuwa soko lake ni dogo.

Fuwele ya zirkoni inapoumbika hupokea urani kidogo ndani yake lakini huikataa risasi. Urani hugeuka risasi yenyewe, kwa kasi isiyobadilishwa na joto la ardhini, maji wala mgandamizo. Urani-238 huchukua miaka ipatayo milioni 4,470 kupungua nusu, na urani-235 miaka ipatayo milioni 704. Kwa hiyo zirkoni ya miaka milioni 600 itakutwa na takriban chembe 9 kati ya kila 100 za urani-238 zimeshageuka risasi, na karibu 45 kati ya kila 100 za urani-235. Hizo ni saa mbili ndani ya jiwe moja, na mtaalamu hulinganisha majibu yake. Yakikubaliana, anaamini.

Njia hiyo inamhusu mtu aliyepita karibu nasi. Arthur Holmes, kijana Mwingereza, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, akaugua malaria karibu ya kufa. Mwaka huohuo ilikuwa imechapishwa hesabu yake ya umri wa mwamba wa Norway kwa urani na risasi: miaka milioni 370. Mwaka 1913 alitoa kitabu juu ya umri wa Dunia, wakati wasomi wengi bado walikuwa wakigombana kama inafika hata miaka milioni 100. Ndiye aliyekuja kuupa Mkanda wa Msumbiji jina lake. Umri wa Dunia yenyewe ulipatikana kwa usahihi mwaka 1956, Clair Patterson alipopima risasi iliyomo kwenye vimondo.

Kuitambua zirkoni, anza na uzito: ni nzito mara 4.6 hivi kuliko maji ya ujazo uleule, wakati spineli ni 3.6. Mng'ao wake unakaribia wa almasi. Kisha tazama ndani yake kwa lenzi ya mkono ya mara kumi, kupitia upande laini, ugeuze jiwe polepole. Mikwaruzo na kingo za upande wa nyuma huonekana mbilimbili. Kwenye spineli na garneti mistari hiyo hubaki mmoja mmoja. Zirkoni za kijani zenye ukungu zinaweza zisionyeshe hivyo sawasawa, kwa kuwa mnururisho wa urani iliyomo ndani yake umeivuruga fuwele kwa muda huo mrefu.

Mpaka mmoja uukumbuke. Saa ya zirkoni inasema fuwele iliumbika lini, haisemi changarawe ilitulia lini. Inachoweza kukuambia juu ya changarawe ni kwamba haiwezi kuwa kongwe kuliko zirkoni changa kuliko zote iliyomo ndani yake.

Ukiwa mbele ya watu, eleza jinsi kipimo kinavyofanyika, kisha waache. Usilitumie jiwe kugombana na dini ya mtu. Nimeona masomo mazuri yakifia hapo.

Chekecheke iliyotangulia yako

Mchimbaji naye ana faida yake katika hesabu hizi. Mwamba ulipooza, madini laini yaligeuka mfinyanzi na kuchukuliwa na maji. Kilichobaki ni kilicho kigumu na kizito: safaya yenye ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, krisoberili 8.5, spineli 8, zirkoni na garneti zikizunguka 7 na nusu. Ndiyo maana vito vya mtoni mara nyingi ni vizima kuliko vinavyovunjwa kwenye mwamba. Vyenye nyufa vilishapasuka njiani. Tafuta pale maji yalipochoka: upande wa ndani wa kona ya mto wa zamani, na kwenye mashimo na mifereji ya uso wa mwamba, kwenye ule mstari wetu. Safisha mifereji hiyo kwa kijiti hadi mwisho kabla ya kuhamia kwingine.

Angalia pia kingo za mawe. Fuwele yenye kona kali haijasafiri mbali, na mwamba mama unaweza kuwa kwenye kijito kilicho juu kidogo tu ya hapo ulipo. Iliyosuguka hadi kuwa mviringo imetembea sana, au imetembezwa zaidi ya mara moja. Wala usipandishe bei kwa sababu ya umri. Kokoto ya mwamba iliyo chini ya mguu wako inaweza kuwa ya umri uleule na safaya.

Ukikuta mfupa uliogeuka jiwe au alama ya jani kwenye mwamba, usiung'oe. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Piga picha ukiweka rula au kisanduku cha kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, andika mahali, kisha toa taarifa halmashauri ya wilaya au Makumbusho ya Taifa.

Na kwa kila jiwe unalohifadhi, hata lisilo na bei, andika karatasi palepale shimoni: jina la mto na kijiji, kina kutoka juu, tabaka lililokuwa juu yake na lililokuwa chini, tarehe. Jiwe likishaingia mfukoni bila maelezo hayo, maabara bado inaweza kuupata wakati wake wa kwanza, lakini ule wa tatu umepotea, hakuna mashine ya kuurudisha. Andika kwa penseli. Wino hufutika karatasi ikilowa.